Ulinzi wa usiku, "dawa ya usingizi" na kijana aliyepigwa mtaani: jibu kwa dada wa Isevya

Swali:

"Shikamoo mtaalamu. Mi naishi Tabora mjini upande wa Isevya, nimeolewa, nina watoto wanne, wa kwanza ana miaka 17. Mtaani kwetu tangu mwezi wa nne wezi wametuandama. Kwa jirani yangu wameingia mara mbili ndani ya wiki tatu, mara ya kwanza walivuta simu na suruali dirishani kwa mti, mara ya pili wakabeba mtungi wa gesi na tivii watu wote wamelala humohumo ndani na hakuna aliyeshtuka, ndo maana watu wanasema wanapuliza dawa ya usingizi. Halafu pale kwenye pagale karibu na barabara ya lami wadada wawili wameporwa pochi na simu na watu wa bodaboda, wote mida ya saa moja na nusu jioni. Sa hivi vijana wa mtaa wameanzisha ulinzi, kila nyumba 2,000 kwa mwezi, wanazunguka na marungu kuanzia saa sita usiku, ukikutwa nje unapigwa au unatozwa faini. Alhamisi iliyopita wamempiga kijana mmoja anayeshinda kijiweni chini ya mwembe, eti ndo anayewapa wezi ramani, alipigwa mpaka akabebwa, na mpaka leo hajatoka ndani kwao. Hakuna kilichokutwa kwake. Mwanangu naye anakaa kijiwe hichohicho. Mume wangu anataka kujiunga na ulinzi, anasema polisi ukimpeleka mtu leo kesho unapishana naye sokoni. Mimi naogopa wezi na hao walinzi nawaogopa pia. Tulipe? Mume wangu ajiunge? Mwanangu nimfungie ndani? Na hiyo dawa ya usingizi tunajikingaje?"

Jibu:

Marahaba dada yangu, na poleni sana. Maswali yako yote nitayajibu ila naomba nianze na kitu ambacho hukukiuliza, huyo kijana aliyepigwa Alhamisi na mpaka leo yuko ndani. Mtu akipigwa marungu mapajani, mgongoni na makalioni, misuli inapondeka kwa ndani hata kama ngozi haijachanika, na misuli iliyopondeka inamwaga vitu kwenye damu ambavyo vinaenda kuharibu figo. Ndo maana unasikia mtu alipigwa, akajikongoja mpaka kwao, siku kadhaa baadaye kafariki na watu wanabaki kushangaa. Dalili kubwa iko kwenye mkojo, ukiwa na rangi ya chai ya rangi, au ukawa kidogo sana, au haupatikani kabisa, hiyo ni ya hospitali leo hii. Kichwa nacho hivyohivyo: anatapika, analala mno na kuamka kwa shida, anaongea visivyoeleweka, amepata degedege. Nenda kwao leo na mama mwenzio mmoja, muulizeni mama yake taratibu, na apelekwe hospitali ya Kitete hata kama anaonekana yuko nafuu, apimwe figo. Najua familia nyingi zinamficha mtu wao kwa sababu hospitali wataulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na wanaogopa wakienda polisi kuichukua wataambiwa kijana wenu ni mwizi. Aliyepigwa ni mlalamikaji na ana haki ya PF3 kama mtu mwingine yeyote, hata angekuwa kaiba kweli. Na mtu akiwa amezidiwa anapelekwa hospitali kwanza, ndugu mwingine ndo anafuatilia fomu.

Sasa tuje kwenye hofu yako. Unaogopa wezi na unaogopa walinzi, na wengine mtaani labda wanakuona mwoga au unatetea wezi. Mi nimekaa sana na vikundi vya ulinzi shirikishi, nimewafundisha, nimekaa nao mikutanoni, na nakwambia kabisa unachokiogopa kipo kweli, pande zote mbili.

Tuanze na dawa ya usingizi kwa sababu hiyo ndo inawapoteza watu wengi. Hakuna dawa ambayo mtu anaweza kuipuliza dirishani ikalaza familia nzima kwenye vyumba tofauti halafu asubuhi wote wakaamka wazima. Hospitali mtu akipewa nusu kaputi mtaalamu wa usingizi anakaa kichwani kwake muda wote, dozi inapimwa kwa uzito, pumzi na mapigo yanaangaliwa kila dakika, kwa sababu dozi ya kulaza na dozi ya kuua ziko jirani mno. Nyumba zetu zina madirisha ya nyavu, zina uwazi kati ya ukuta na bati, hewa inaingia na kutoka usiku kucha, ili ulaze watu humo ungehitaji mzigo wa mitungi na mashine. Mwaka 2002 Moscow, watu wenye silaha waliteka ukumbi uliojaa watu, serikali ya Urusi ikaingiza gesi ya usingizi kwenye ukumbi ule, watu walilala kweli, na mateka zaidi ya 120 wakafa, karibu wote kwa sababu ya ile gesi. Kama serikali yenye maabara na madaktari haikuweza kulaza watu wakaamka salama, kibaka mwenye nondo na mfuko wa salfeti hawezi.

Sasa kwa nini jirani yako hakushtuka? Usingizi wa saa za mwanzo ndo mzito kuliko wote, mtu aliyelala saa nne, ikifika saa tano na saa sita unaweza ukaingia chumbani ukatoka hajui. Weka feni inayounguruma, weka mvua ya mwezi wa nne inayopiga bati mpaka watu mliokaa pamoja hamsikilizani, na tivii iko sebuleni milango miwili mbali na vyumba. Mwizi wa majumbani anasubiri mvua kama mkulima. Na kuna jambo jingine ambalo watu hawalisemi, wengi walisikia, wakaogopa, wakajifunika shuka wakanyamaza, halafu asubuhi mwanaume anaona aibu kusema nilisikia nikaogopa, inakuwa rahisi kusema walipuliza dawa. Hakuna aibu yoyote, kunyamaza wakati watu wamo ndani na hujui wameshika nini ni akili. Ila ile stori ya dawa ina hasara yake, mtu akishaamini kuna dawa haangalii tena komeo la mlango wa uani, anaona hata afanye nini ni bure, au anaenda kwa mganga kutafuta zindiko, na mganga naye akianza kutaja nani mwizi hiyo ni ramli chonganishi, inaua watu na ni kosa la jinai.

Kitu kimoja tu hapo cha kuzingatia. Kama kweli familia nzima iliamka vichwa vinauma, kizunguzungu na kichefuchefu, uliza kama usiku ule waliingiza jiko la mkaa ndani. Sasa baridi ya mwezi wa sita na wa saba Tabora inaanza na watu wanaota jiko chumbani wamefunga madirisha. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inalaza mtu, na ikizidi haamki. Jiko libaki nje, hata kama limebaki majivu mekundu tu.

Tukishaitoa dawa njiani tunaweza kuangalia wizi wenyewe unavyofanya kazi. Wamarekani wawili, Lawrence Cohen na Marcus Felson, waliandika mwaka 1979 jambo ambalo mpaka leo linawasaidia watu wa ulinzi duniani kote, kwamba ili uhalifu utokee lazima vitu vitatu vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia, kitu cha kuchukua, na hakuna wa kuzuia. Sisi huwa tunahangaika na hicho cha kwanza tu, nani mwizi, nani mwizi, tunasahau kwamba hivyo viwili vingine viko mikononi mwetu. Soma tena ulichoniandikia. Uporaji wote miwili umetokea palepale kwenye pagale, na wote saa moja na nusu jioni, giza limeshaingia na watu wanatoka sokoni na kazini. Walinzi wenu wanaanza saa sita usiku. Yaani saa nne na nusu nzima baada ya tukio. Hata wawe mia, hata wapige watu namna gani, wale wadada wa saa moja na nusu hawana msaada wowote na ulinzi huo.

Pagale lina mwenyewe. Mtendaji wa mtaa na mwenyekiti wanaweza kumtafuta hata kama yuko Mwanza au Dar, wakamwandikia barua azibe milango na madirisha kwa matofali au mabanzi na afyeke majani. Akichelewa, mtaa wenyewe mnaomba ruhusa mnafyeka jumamosi moja. Na pale pawekwe taa, kama kuna nguzo yenye taa iliyokufa peleka barua Tanesco na manispaa kupitia mtaa, na wakati mnasubiri ile michango ya 2,000 inunue taa mbili za sola zenye nguvu, moja kwenye kona na moja pagaleni. Mama anayeuza chipsi au maandazi barabarani mwombeni asogeze meza yake pale jioni. Mnaweza pia kuweka watu wawili watatu wenye tochi wasimame pale kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa nne, muda ambao watu wanarudi. Hiyo peke yake kwa maoni yangu itawasaidia kuliko doria nzima ya usiku wa manane.

Kwa jirani yako umeniambia jambo kubwa pengine bila kujua, wameingia mara mbili ndani ya wiki tatu. Nyumba iliyoibiwa mara moja ina hatari kubwa ya kuibiwa tena kuliko nyumba ambayo haijaguswa, na wiki za mwanzo ndo mbaya zaidi, hata majirani wa ubavuni wanaingia kwenye hatari hiyo. Sababu ni nyepesi, mwizi ameshajua mlango, ameshajua mbwa hayupo, ameona tivii aliyoshindwa kuibeba siku ile. Uingereza kuna mtaa unaitwa Kirkholt, uko mji wa Rochdale, miaka ya 1980 ulikuwa na wizi wa majumbani wa kutisha. Badala ya kutawanya nguvu mtaa mzima walienda kwenye kila nyumba iliyotoka kuibiwa, wakatengeneza pale pale mwizi alipopitia, wakaondoa mita za umeme zilizokuwa zinatumia sarafu maana ndani yake mlikuwa na hela, halafu wakaomba nyumba kama sita zinazoizunguka zikubali kuiangalia ile moja. Ndani ya miaka mitatu wizi ulishuka kwa robo tatu. Nyumba sita dada yangu, na sisi tuna nyumba kumi tangu enzi za TANU, utaratibu tunao tayari, tumeacha tu kuutumia kwa kazi hii.

Kwa hiyo jirani leo: kitanda na meza ya simu visogee mbali na dirisha, nguo zisitundikwe mkono unapofikia, nyuma ya wavu wa mbu kuwe na wavu wa chuma wa matundu madogo ili mti usipite. Mtungi wa gesi uingie ndani ufungwe mnyororo. Mlango wa uani uwekwe komeo juu na chini, na makopo mawili yenye mawe nyuma ya mlango, mlango ukisukumwa yanaanguka. Na majirani wa pande zote wawe na namba za simu za kila mmoja na filimbi, mkubaliane ishara moja.

Mumeo anasema polisi ukimpeleka mtu kesho unapishana naye. Namwelewa, hiyo hasira nimeisikia kila mkutano niliowahi kukaa. Ila mtu kutoka kwa dhamana si kwamba kesi imeisha. Sheria inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kama kosa lina dhamana anapewa, maana bado hajathibitika. Katiba yetu ibara ya 13 imekataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Dhamana yenyewe ni bure, mtu akiombwa hela ya dhamana namba ya TAKUKURU ni 113.

Kinachoua kesi nyingi ni sisi wenyewe. Mlalamikaji anarudishiwa simu anasema yaishe. Shahidi anaitwa mahakamani mara ya kwanza anaenda, ya pili anasema nina biashara zangu. Tivii inakamatwa, polisi wanauliza utajuaje kama hii ni yako, mtu hana risiti, hana namba, hana alama, na tivii kama hiyo ziko mia mjini. Na mtu anasema nilimwona kwa macho, usiku, akiulizwa kwa mwanga gani hana jibu. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba utambuzi wa kuona usiku hauwezi kumfunga mtu mpaka kila uwezekano wa kufananisha uondolewe, kwa hiyo ukiwa unaandika maelezo sema mwanga ulikuwa wa nini, taa ya umeme au mbalamwezi, mlikuwa umbali gani, ulimwangalia kwa muda gani, ulikuwa unamjua kabla au la, alivaa nini. Ukisema "alikuwa fulani" ukaishia hapo umemsaidia yeye.

Leo hii chukua daftari. Simu zote za nyumbani bonyeza *#06#, andika ile namba ndefu ya IMEI, maana ikiibwa ndo polisi na mtandao wataitumia kuifuatilia au kuifungia. Tivii, subwufa, mtungi, andika namba zake za nyuma, na weka alama yako kwa msumari mahali pasipoonekana haraka. Na mtaa uongee pia kuhusu wanunuzi, wapo mafundi simu wanaofungua simu bila kuuliza risiti, wapo wanaonunua mitungi na vyuma chakavu usiku, mwizi asiye na mnunuzi hana biashara. Majina ya hao wapelekewe polisi kimyakimya, msiyatangaze kwenye grupu la WhatsApp.

Ulinzi wenyewe sasa. Watu wa Tabora siwezi kuwafundisha ulinzi wa jadi, sungusungu imezaliwa hukuhuku Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipokuwa umezidi na silaha za vita vya Uganda zimetapakaa. Iliwasaidia watu kweli, na mwaka 1989 sheria ikaitambua pamoja na mgambo ikaipa nguvu ya kukamata. Lakini wazee wenu pia wanakumbuka upande wa pili, kwamba kuna maeneo kikundi kilichoanza kwa kufuata nyayo za ng'ombe kiliishia kuwaandama vikongwe kwa uchawi na kutoza watu faini zisizo na kichwa wala miguu. Ilifika huko pale ambapo hakuna aliyekuwa anawauliza.

Mlinzi wa mtaa, na hata wewe mwananchi wa kawaida, una haki ya kumkamata mtu anayefanya kosa mbele ya macho yako na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Inaishia hapo. Kupiga hakumo. Kumtoza mtu faini hakumo, faini inatozwa na mahakama. Kuingia nyumba ya mtu kupekua hakumo. Na hakuna sheria inayosema mtu asitoke nje usiku Tabora, treni inaingia usiku watu wanashuka stesheni na mabegi, manesi wanatoka zamu, mama mjamzito anashikwa na uchungu, mama ntilie anaamka saa kumi kuloweka maharage. Hao wote kwa utaratibu wa vijana wenu ni wa kupigwa.

Kwa hiyo mlipe? Mi nasema lipeni, lakini si kwa hao kama walivyo sasa. Msigome kimyakimya mkaonekana maadui, ombeni mkutano wa mtaa, mwenyekiti auitishe, na polisi kata akaribishwe. Pale ndani mkubaliane kwa muhtasari: majina ya walinzi yaandikwe na yapelekwe kwa mtendaji na polisi, awepo mtu mzima mmoja anayewaongoza, hela zipokelewe na mweka hazina kwa stakabadhi na zisomwe kila mwezi, wapewe tochi, filimbi na vizibao, muda uanze jioni pale pagaleni, na faini na kipigo vife siku hiyohiyo. Polisi wana utaratibu wa kuvipa mafunzo vikundi vya ulinzi shirikishi, ombeni. Kama wakikataa kuandikwa majina, hapo dada yangu usitoe hata shilingi, na mwambieni mtendaji wa kata kwa maandishi, maana mtu anayelinda kwa nia njema haogopi jina lake kujulikana.

Mumeo ajiunge kama anaingia kwenye kikundi kilichoandikwa, na ningependa sana ajiunge, wanaume wenye familia ndo wanatuliza vijana. Kwenye hicho cha sasa asiingie. Mwambie hivi, mtu akifa kwenye kipigo kile sheria haimtafuti aliyepiga rungu la mwisho peke yake, mliokuwa na nia moja mnashtakiwa wote, mpaka aliyeshika tochi akamulika. Adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa. Wizi wa kawaida anaotuhumiwa yule kijana kifungo chake cha juu ni miaka 7. Na hiyo nimesema kama kweli ni mwizi, maana umeniambia mwenyewe hakuna kilichokutwa kwake.

Nimeangalia kwa karibu haya makundi ya watu yanavyoanza. Mtu anapiga kelele mwizi, wa kwanza kufika wanajua kidogo kilichotokea, wa mwisho kufika hawajui chochote, na hao wa mwisho ndo wanapiga zaidi maana wanaona kila mtu anapiga basi lazima ni kweli. Kinachovunja ile hali mara nyingi ni swali moja linaloulizwa kwa sauti kubwa na mtu anayeheshimika: kaiba nini, na mlalamikaji ni nani? Watu wanageuka kutafutana. Wakati wanatafutana, watu wazima watatu wanne, mwenyekiti, mzee wa msikiti, mchungaji, mama mkubwa wa mtaa, wanamzunguka yule mtu wanamwingiza ndani ya nyumba wanafunga mlango, na polisi wanapigiwa 112. Usiingie peke yako katikati, na usikae kurekodi. Hao watu watatu wanne wajulikane kabla, mkubaliane nao sasa hivi mkiwa mmetulia.

Mwanao usimfungie. Kijana wa miaka 17 ukimfungia anatokea dirishani, halafu akitoka kwa kujificha ndo anafanana kabisa na mtu wanayemtafuta. Na kijiwe si uhalifu. Wale vijana chini ya mwembe mchana kutwa wanajua bodaboda ipi si ya mtaani, nani kapita mara tatu anachungulia uani, nani kaja kuulizia nyumba isiyo na watu. Wamekaa pale kwa sababu hawana kazi na kivuli kipo. Yupo anayeweza kuwa anawapa wezi habari, sikatai, ila hiyo inathibitishwa kwa mawasiliano ya simu na mali iliyokutwa, na hiyo ni kazi ya polisi. Ongea na mwanao kama mtu mzima, umwambie yaliyompata mwenzie, arudi kabla ya saa nne, atembee na wenzie wanaojulikana, asibebe wala kununua simu ya mtu isiyo na risiti hata iwe rahisi vipi, na wakimsimamisha asikimbie, aseme jina lake na la baba yake na nyumba anayotoka. Baba yake amtambulishe kwa wale walinzi ana kwa ana. Wasimweke kwenye doria ya usiku hata wakimbembeleza, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 bado ni mtoto, na akishikwa kwa tuhuma yoyote nenda kituoni mwenyewe mara moja, mwambie askari umri wake na uwepo wakati anahojiwa, beba cheti cha kuzaliwa.

Kuna mambo ya kuandika hivi na kuna mambo ya kumwona mtu uso kwa uso. Kama vijana wale wameshakutisha wewe au mumeo, kama familia ya yule aliyepigwa inataka kufungua kesi na inazuiwa, au kama mwanao ameshatajwa jina, usisubiri mkutano. Nendeni ofisi ya manispaa muulize dawati la msaada wa kisheria au wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, tangu sheria ya 2017 huduma hiyo ni bure kwa asiye na uwezo. Ukiogopa kwenda kituo cha karibu kwa sababu mtajuana, nenda moja kwa moja kwa mkuu wa polisi wa wilaya uombe kuonana naye. Na hao wa bodaboda, kawaulize wale wadada wawili vizuri kama walionyeshwa panga, kisu au kitu chochote cha kutishia, kwa sababu watu wengi wakifika kituoni wanasema tu "nimeibiwa simu" na inaandikwa wizi. Kama kulikuwa na silaha waseme hivyohivyo tangu maelezo ya kwanza, huo ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo chake si chini ya miaka 30, na hauna dhamana.